Mkubwa wa kampuni akionyesha chama chake, barua yako bado ni siri?

UZI. Wiki jana niliongea na vijana ghorofani, jengo moja hapa Moi Avenue. Kuna waliokosa viti, na kuna waliokwama kwenye foleni ya jioni Waiyaki Way wakarudi nyumbani. Nimeandika nilichosema. Kama kawaida ya ukurasa huu, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama.

Hamjambo wenzangu. Kabla mpande hapa juu, mlinzi pale chini amewaandika kwenye kitabu chake: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saa, unaenda ghorofa gani. Kumbukeni hicho kitabu, tutakirudia.

Swali la leo ni la dada mmoja wa Kawangware, na yuko hapa. Yeye huandikia ofisi za kaunti malalamiko ya wapangaji kuhusu mitaro na maji taka. Kwa barua pepe yake ana majina ya majirani waliomwambia, "andika, lakini jina langu lisitoke." Baada ya yale ya Juni 2024 aliogopa, akahamia Proton, kampuni ya Uswisi inayojulikana kwa kulinda siri. Halafu akasikia mkubwa wa kampuni hiyo amesifu chama fulani cha Marekani. Akaniuliza: "Kaka, nihame tena?"

Kisa chenyewe ni hiki. Huduma hiyo ilianza 2014, na waanzilishi walikuwa wanasayansi waliofanya kazi CERN, ile maabara kubwa ya Geneva. Desemba 2024 mkurugenzi mkuu, Andy Yen, aliandika kwenye X akisifu uteuzi wa mtu wa kusimamia sheria za kuzuia makampuni kuhodhi soko. Sawa, hilo ni jambo la kazi yake. Lakini akaongeza kwamba mambo yamegeuka, chama kilichojulikana kwa kutetea wakubwa sasa ndicho kinatetea wadogo. Januari 2025 maneno hayo yakasambaa, wateja wakawaka moto. Wengine walifunga akaunti. Wengine wakasema, si mtu ana haki ya maoni yake?

Ana haki, bana. Kilichonishtua mimi ni kilichofuata: akaunti rasmi ya kampuni ikaandika ujumbe wa kumuunga mkono, kisha ikaufuta. Mtu akisema lake akiwa nyumbani, ni lake. Akiligonga muhuri wa ofisi, limekuwa la ofisi. Na ofisi yenyewe inauza uaminifu, haiuzi sukari.

Sasa tusichanganye hasira na kufuli. Barua zilizohifadhiwa Proton zinafungwa kwa ufunguo unaotegemea nywila yako, na kampuni haina hiyo nywila. Mkubwa akipenda chama hiki au kile, bado hawezi kukaa jioni akisoma barua zako za mwaka jana. Anachoweza ni kuamua programu ya kesho iandikwe vipi. Programu zao za simu ziko wazi kukaguliwa na yeyote, lakini ni wangapi hapa wanaweza kuzikagua? Hata mimi siwezi. Tunawategemea wanaoweza.

Haya, kitabu cha mlinzi. Mlinzi hajui tunaongea nini huku juu. Anajua tu ulikuja, saa ngapi, ghorofa gani. Na polisi wakija na amri, hicho ndicho atawapa.

Mwaka 2021 polisi wa Ufaransa walimtafuta mwanaharakati wa mazingira. Ombi likapitia mamlaka za Uswisi, na Proton ikalazimika kurekodi na kutoa anwani ya IP ya akaunti hiyo. Mwaka 2024, kwenye kesi ya Uhispania, ikatoa anwani ya pili ambayo mtu aliweka ya kurejeshea akaunti akisahau nywila. Barua hazikufunguliwa. Na mara zote mbili hakuna aliyeuliza mkubwa anapenda chama gani. Ilikuwa ni sheria ya Uswisi.

Hapa kwetu mjadala hukwama palepale. Makao makuu ya Safaricom yako Westlands, na kwa miaka mingi serikali ilikuwa na hisa asilimia 35. Wakati wa maandamano ya 2024 watu walidai data ya wateja inapewa vyombo vya usalama. Kampuni ikakanusha, ikasema hutoa kwa amri ya mahakama. Mkisikiliza redio, ilikuwa ni unawaamini, huwaamini, asubuhi mpaka jioni. Lakini simu ya kawaida lazima iache rekodi: ulimpigia nani, saa ngapi, mnara upi. Nilitaka mtu aulize rekodi hiyo inakaa kwa muda gani, na nani anahakikisha amri ni ya kweli. Kifungu cha 31 cha Katiba kinataja faragha ya mawasiliano waziwazi, lakini kwa mijadala hiyo sikukisikia kikisomwa.

Na mnakumbuka Juni 2021, Wakenya wakiingia e-Citizen na kukuta wamesajiliwa kwa vyama ambavyo hawajawahi hata kusalimia? Tangu siku hiyo kitabu cha mlinzi nakiangalia kwa jicho lingine.

Sasa dada. Nilimwambia afungue akaunti yake palepale. Anwani ya kurejeshea: ile ya jina lake kamili, aliyoiandika kwa fomu ya kazi. Barua zake kwa kaunti: zimetumwa kwa anwani za kawaida, kwa hivyo nakala iko upande wa pili na inasomeka. Halafu tukaona mada za barua. Alikuwa akiandika jina la mlalamishi na nambari ya ploti kwenye mada, na Proton haifungi mada kwa ule ufunguo wako. Ukumbi ulinyamaza. Yeye akasema tu, "Uuwi."

Alitoka na mpango: majina kwenye daftari nyumbani, kwenye barua nambari tu. Kuhama atafikiria mwisho wa mwezi, kwa sababu analipia na hapendi pesa yake iende kwa mtu yule. Hiyo ni sababu tosha. Asiseme tu kwamba anahama kwa vile barua zinasomwa.

Kijana mmoja aliuliza nani anaweza kumfukuza mkubwa huyo. Swali zuri kuliko yangu yote. Tangu 2024 mwenye hisa kuu ni wakfu usio wa faida, na yeye mwenyewe ni mmoja wa wadhamini wake.

Maswali wekeni hapo chini. Ukianza na jina la mwanasiasa, sitajibu.