Kofia ya Askofu Ndani ya Moyo

Leo nataka kusema nanyi juu ya neno moja la utabibu, nalo nililikuta kijijini Makutupora, upande wa kaskazini wa Dodoma. Mama mmoja alinijia na karatasi ya hospitali mkononi. Bintiye, mwenye umri wa miaka 12, akipanda mwinuko mdogo hutweta, na usiku hawezi kulala ila ameegemea mito. Karatasi ile ilisema ya kuwa ugonjwa uko katika vali ya mitrali. Mama akaniuliza, "Mwalimu, huyu mitrali ni mdudu gani?"

Si mdudu, ni kofia. Nyote mmepata kumwona askofu siku ya sikukuu, naye amevaa kofia ndefu yenye pande mbili, moja mbele na moja nyuma, zilizochongoka juu. Kofia hiyo kwa Kilatini huitwa mitra. Basi, katika karne ya 16 alikuwako tabibu aitwaye Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, aliyefundisha Padua katika nchi ya Italia. Huyu alipasua maiti kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wanafunzi, kazi ambayo walimu wengi wa zamani zile waliwaachia vinyozi. Mwaka 1543 alipiga chapa kitabu kikubwa juu ya maumbile ya mwanadamu. Kile kilango cha upande wa kushoto wa moyo, chenye ngozi mbili nyembamba, alikifananisha na kofia ya askofu. Mfano ule ukapendeza, ukawa jina hata leo.

Lakini mzunguko wa damu Vesalius hakuujua. Aliyeuonyesha ni Mwingereza William Harvey, mwaka 1628. Watu wa Makutupora hawahitaji maelezo marefu hapa, maana visima vyao vimeunywesha mji wa Dodoma miaka mingi, nao waijua pampu. Ndani yake mna vali, ambayo huyaachia maji yapite mbele na kuyazuia yasirudi. Vali ikiharibika, pampu hunguruma bure. Moyo nao hupiga kama mara 100,000 kila siku, na kila pigo kofia ile, iliyopinduliwa juu chini na kushikwa kwa nyuzi nyembamba, hufunguka na kujifunga.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi huanzia mbali na moyo, na hapo ndipo wengi hupotea. Mtoto huumwa na koo, akapona. Wiki mbili au tatu zikiisha kupita, homa humshika na viungo humvimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. (Jina hili nalo lina ajabu yake: yabisi ni Kiarabu, maana yake kavu, kumbe Wazungu maradhi hayo wameyapa jina la Kiyunani lenye maana ya kutiririka!) Mwili, katika kupigana na vijidudu vya kooni, umekosea ukaupiga moyo wake wenyewe. Viungo hupona, lakini ngozi za vali hubaki na makovu, huwa nene, hushikamana. Mlango wageuka tundu, damu hurundikana nyuma katika mapafu, na pumzi hukatika.

Mama yule alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwaka juzi alivimba magoti. Nikamkanda kwa maji ya moto, akapona, nikashukuru Mungu."

Nilimwambia kwamba hakufanya uvivu. Magoti yalipona kweli. Koo ndilo lililotaka penisilini mapema. Hata sasa binti apasa kuchomwa sindano ya dawa hiyo kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, asikose, ili homa isirudi na kuiharibu vali zaidi. Tena vali iliyozibana madaktari waweza kuipanua au kuweka nyingine mahali pake. Kazi hiyo hufanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Akaikunja karatasi yake, akaifunga katika pindo la kanga. "Na mdogo wake," akauliza, "aliyeamka leo analia koo, nimpeleke lini?"

Nikamwambia, "Leo, mama, kabla jua halijachwa."