Ubalozi ni biro, si mlango wa mbinguni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana kwenye mazungumzo yetu ya Jumamosi)



Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho karibu wote tunakijua kwa masikio, wachache kwa macho: balozi za Bulaya. Nimechagua zile za Ubelgiji. Historia yao na yetu zimefungwa kamba moja, na kule Kinshasa wao njo wanaoshikilia gishe ambako vijana wengi wa Congo wanapeleka dosie zao za viza, hata wale wanaotaka kwenda nchi zingine za Schengen.

Neno langu ni moja. Ubalozi ni biro ya serikali ya watu wengine, iliyo kwetu kwa ruhusa yetu, na iko na sheria. Kijana asiyejua zile sheria atafanya moja ya mambo matatu: ataiogopa, ataiabudu, ama siku moja atataka kuichoma. Raia anayezijua, yeye anauliza maswali.

Tuanze na sheria yenyewe. Kuna mapatano mawili ya Vienna. Ya 1961 inahusu ubalozi, ya 1963 inahusu konsula. Ubalozi uko kwenye mji mkuu na unasema na serikali. Konsula inaweza kuwa kwenye mji mwingine, na kazi yake ya kila siku ni watu: viza, pasiporti, makaratasi ya ndoa na ya kuzaliwa, mraia wao aliyekamatwa ama aliyekufa. Wengi wanasema eti ukiingia ndani ya ubalozi wa Ubelgiji uko Ubelgiji. Hapana. Ile ni ardhi ya Congo. Mapatano ya 1961 inasema tu kwamba polisi wetu hawawezi kuingia bila ruhusa ya balozi, na kwamba serikali yetu iko na deni la kulinda ile nyumba. Na upande wao, wanadiplomasia wanatakiwa kuheshimu sheria zetu na kutoingilia mambo yetu ya ndani. Deni ni la pande mbili.

Sasa angalieni karta. Ubelgiji iko na ubalozi Kinshasa. Pembeni yetu iko na ubalozi Bujumbura, Kampala, Nairobi, Dar es Salaam. Ilikuwa nao Kigali pia, mpaka tarehe 17 Machi 2025, siku Rwanda ilikata uhusiano na kuwapa wanadiplomasia wa Ubelgiji masaa 48 ya kuondoka. Kwa hiyo kijana wa Goma, Bukavu, Uvira ama Butembo, gishe yake iko wapi? Iko Kinshasa, zaidi ya kilometa 1.500, bila barabara ya kweli ya kumfikisha. Na mara ya kwanza lazima aende yeye mwenyewe, mwili wake, juu wanachukua alama za vidole. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwishoni mwa Januari 2025, mwenye kutoka Goma anazunguka kupitia nchi jirani ili afike mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Hesabu tiketi, hesabu kulala, hesabu chakula. Bado hujalipa viza.

Hapa njo tunaona siasa inapita wapi. Uhusiano wetu na Ubelgiji umefungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Wiki mbili tu baada ya uhuru, Julai 1960, Kasa-Vubu na Lumumba waliukata, juu jeshi la Ubelgiji lilikuwa limeingia nchini bila ruhusa yao. Walikuwa na sababu ya nchi nzima. Lakini mufikirie mwaka 2018. Tarehe 31 Desemba 2017 wakristo wa Kinshasa waliandamana kudai uchaguzi, wakapigwa, wengine wakauawa. Januari, Ubelgiji ikatangaza kwamba itaondoa milioni 25 za euro kwenye ushirikiano na serikali na kuzipeleka kwa misaada ya watu na mashirika ya raia. Serikali ya Kinshasa ilijibu namna gani? Ilifunga Maison Schengen, nyumba ya viza. Ilifunga konsula yetu wenyewe ya Anvers. Ikadai Ubelgiji ifunge konsula ya Lubumbashi.

Niambieni, nani aliumia? Waziri? Waziri iko na pasiporti ya diplomasia. Aliumia mwanafunzi aliyepata inskripsio, mgonjwa mwenye randevu ya hospitali, mama anayengojwa na bwana yake Liège. Aliumia na Mukongomani wa Anvers, mwenye kutafuta karatasi kwa konsula ya nchi yake akakuta mlango umefungwa na nchi yake. Ilibidi tungoje 2019, chini ya rais mwingine, ili nyumba ya viza ifunguliwe tena na mazungumzo ya kurudisha zile konsula mbili yaanze. Mwaka mzima wa maisha ya watu ulitumika kama fimbo ya kupigana na mtu mwingine.

Kuna upande wetu pia, na hapa nitasema wazi. Tarehe 28 Januari 2025, wakati Goma ilikuwa inaanguka, watu wenye hasira walishambulia balozi kadhaa Kinshasa, na ya Ubelgiji ikiwemo. Hasira ile naijua, ni yetu. Tuko na haki ya kuuliza dunia ilikuwa inaangalia nini. Lakini jiwe lililovunja dirisha la ubalozi halikurudisha hata familia moja kwenye nyumba yake. Lilimpa balozi sababu ya kufunga gishe, na lilimpa serikali yetu nafasi ya kuomba msamaha Bulaya mbele ya kutujibu sisi. Sisi tunakaa chini mbele ya mlango, tunaandika barua, tunasoma sheria kwa sauti. Hiyo njo inawasumbua zaidi.

Basi tuisome. Viza ya muda mfupi ya Schengen inaongozwa na sheria inayoitwa Kodi ya Viza, ya 2009, iliyorekebishwa mara kadhaa. Muandike haya:

Bei ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Wakikukatalia, hairudi. Lakini mwanafunzi anayeenda kwa ajili ya masomo ya muda mfupi, na kijana wa miaka 25 ama chini anayewakilisha shirika lisilo la faida kwenye semina, mkutano, michezo ama utamaduni ulioandaliwa na shirika la namna ile, halipi ile ada. Ada ya huduma ya kampuni inayopokea dosie inaweza kubaki, lakini ile euro 90, hapana. Wangapi kati yetu walialikwa, wakalipa, juu hakuna aliyewaambia?

Dosie inaweza kuwekwa miezi sita mbele ya safari. Jibu linatakiwa ndani ya siku 15, na wakihitaji kuchunguza zaidi, mpaka siku 45.

Kawaida unaomba pale unapoishi kisheria. Lakini sheria inaruhusu konsula ya nchi nyingine ipokee dosie ya mtu aliye pale kihalali, akieleza sababu ya kuomba pale. Vita na uwanja uliofungwa si sababu? Kwangu mimi ni sababu. Andika, ambatanisha, uache wao wakujibu kwa karatasi.

Wakikataa, lazima wakupe karatasi yenye sababu. Ile inayotujia mara nyingi inasema kuna mashaka kama utarudi kwenu. Na uko na haki ya kupinga. Kwa Ubelgiji unapinga Bruxelles, mbele ya Conseil du Contentieux des Étrangers, ndani ya siku 30. Ni mbali, ni ngumu, inaomba avoka. Lakini haki usiyoijua ni kama huna.

Na hakuna komisioneri anayeuza viza. Anayekuambia «niko na mtu ndani, leta dola elfu tatu» anauza shida yako. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, jina litakaloandikwa kwenye kompyuta zao ni lako, lake hapana.

Sasa mimi ninayesema hapa niko na lisansi, na kazi sina. Wakiniomba karatasi za mshahara za miezi mitatu na hesabu ya benki, nitaweka nini? Lile swali la «utarudi?» tusiliache kwa Wabelgiji peke yao. Ni serikali ya Kinshasa inayotakiwa kulijibu kwanza: imetutengenezea nini cha kurudilia? Kijana mwenye kazi, usalama na barabara haombi kupiga magoti mbele ya gishe. Na pasiporti yenyewe, kuanzia 2015 tuliuziwa dola 185, bei kubwa ya ajabu, na ilitengenezwa na kampuni ya Ubelgiji. Kumbe mbele ya kufika kwa mlango wao, wakubwa wa pande zote walikuwa tayari wameshakula kwa mfuko wetu.

Kwa hiyo tunadai hivi. Kwa Ubelgiji: gishe ya kuzunguka, hata mara mbili kwa mwaka, ije kupokea dosie na vidole karibu na sisi wa mashariki, na orodha ya wasiolipa ibandikwe kwa lugha tunazosoma, Kiswahili kikiwemo. Kwa serikali yetu: konsula isiwe tena silaha ya ugomvi wa wakubwa, na konsula zetu za inje zihudumie Wakongomani kwa heshima. Kwa sisi wenyewe: kila seksio ichague watu wawili wa kusoma ile sheria mpaka waijue, wasaidie wengine bure. Barua ya madai iko pale kwa meza. Isome yote mbele ya kutia sahihi, na kama hukubali sentensi moja, sema leo.

Kusafiri si dhambi, na kubaki si ujinga. Lakini atakayeenda aende akiwa amesimama, na atakayebaki abaki akidai.