Mbunge Anapokuja Kijijini: Maneno kwa Wakulima wa Korosho



Mmezoea kunisikia nikisema juu ya salfa, palizi, na nafasi ya mita 12 kwa 12 kati ya mkorosho na mkorosho. Leo nitaanza na jambo jingine, lakini msidhani kuwa nimeiacha kazi yangu. Jambo lenyewe ni mkutano wa Mbunge.

Mbunge akitoka Dodoma huja kutueleza mambo yaliyoamuliwa huko. Sisi hukaa chini ya mwembe, tukasikiliza, tukapiga makofi au tukanung'unika, kisha kila mtu akarudi kwake. Baada ya wiki mbili ukimwuliza jirani yako Mbunge alisema nini juu ya korosho, atakujibu, "Alisema mengi." Jibu hilo halitoshi. Maneno ya Bunge huingia shambani mwako kama mvua na ugonjwa vinavyoingia. Mkulima bora hutazama mawingu. Basi na atazame Bunge pia.

Sheria inavyofika chini ya mkorosho

Chukueni mfano wa tozo ya korosho ghafi zinazouzwa nje ya nchi. Sheria iliweka tozo hiyo kuwa asilimia 15 ya bei ya korosho bandarini, au dola 160 za Marekani kwa tani, ile iliyo kubwa zaidi. Anayelipa ni mfanyabiashara anayesafirisha. Lakini mfanyabiashara hupiga hesabu ya tozo kabla hajaandika bei yake mnadani. Kwa hiyo hata kama hukuitoa wewe kwa mkono wako, inakuhusu.

Sasa tuifanye hesabu. Mtu akisafirisha korosho ghafi za shilingi milioni 100, tozo ya asilimia 15 ni shilingi milioni 15. Kwa miaka kadhaa sheria ilisema kwamba katika kila shilingi 100 za tozo, shilingi 65 zirudi kuendeleza zao lenyewe: utafiti, miche, dawa na mengineyo. Shilingi 35 ziende Hazina. Basi katika ile milioni 15, shilingi 9,750,000 zilikuwa za zao la korosho, na shilingi 5,250,000 za Hazina.

Mwezi wa Juni mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria hiyo, na tozo yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Serikali ilieleza kuwa fedha za umma zikusanywe mahali pamoja, kisha zigawiwe kwa bajeti. Wabunge wa mikoa ya kusini walipinga kwa nguvu, lakini mabadiliko yalipita. Sikusimama hapa kumhukumu mtu. Ninachotaka mkione ni hiki: siku ile ya mjadala, ni wakulima wangapi wa kata yetu waliojua kwamba salfa yao inazungumzwa? Mimi mwenyewe niliisikia redioni, tena jambo likiwa limekwisha.

Misimu miwili

Shamba lina msimu wake, na Bunge lina msimu wake. Asiyeijua misimu hii miwili atapanda mbegu nzuri wakati wa kiangazi.

Msimu wa shamba mnaujua. Mikorosho yetu huanza kutoa maua mwezi wa Juni na Julai. Wakati huo ndipo ubwiriunga unaposhambulia majani machanga na maua. Mavuno huanza Oktoba na kuendelea mpaka mwisho wa mwaka.

Msimu wa Bunge ni huu. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Hotuba ya bajeti ya Serikali husomwa Juni, na pamoja nayo huja muswada wa kodi na tozo. Kamati ya Bunge huwaita watu wanaohusika na kusikiliza maoni yao kabla muswada haujapitishwa. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha huanza.

Sasa tazameni. Mkulima anaona maua yake yameungua na salfa haijafika. Ni mwezi wa Julai. Anasimama mbele ya Mbunge na kusema kwa uchungu, naye ana haki ya kuwa na uchungu. Lakini fedha zimekwisha gawanywa. Na salfa haitoki dukani kwetu hapa. Huagizwa ng'ambo, husafirishwa kwa meli, hushushwa bandarini, ndipo ifike kijijini. Maneno ya Julai ni mbegu ya msimu ujao.

Basi wakati wa kusema ni Januari, Februari na Machi. Mavuno yamekwisha, hesabu zenu mnazo mkononi, na Mbunge hajaenda kwenye mkutano wa bajeti. Mpeni maneno yenu wakati huo, naye atakwenda nayo Dodoma.

Kosa langu la mwaka 2018

Nitawaambia jambo ambalo halinipi sifa. Mwaka ule wa 2018 wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima wengi walizikataa. Mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kuwa itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Tulifurahi sana. Kisha ukaja uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha kuwa korosho zile ni za shamba lake, wala si za kangomba, yaani zilizokusanywa kwa wenzake kwa kupima na chombo badala ya mizani.

Katika kata niliyokuwa nikifanya kazi alikuwapo mama mmoja mjane. Alikuwa amepalilia vizuri na kupulizia kwa wakati, naye akavuna kupita kiasi kile. Wahakiki wakamwuliza, "Una mikorosho mingapi?" Akajibu, "Mingi. Ilipandwa na marehemu mume wangu." Wakaniuliza mimi. Nikafungua daftari langu, na jina lake halikuwamo. Nilikuwa nimepita shambani kwake mara nyingi, nikala na embe zake, wala sikuihesabu mikorosho yake hata siku moja.

Alilipwa, lakini kwa kuchelewa sana. Watoto walirudi shule bila ada, na msimu uliofuata hakuwa na fedha ya kukodi mashine ya kupulizia. Mikorosho ile ile iliyompa mavuno mengi ikaliwa na ubwiriunga. Hakunilaumu. Lakini mimi najua kwamba siku mbili za kuhesabu miti zingeliokoa msimu wake.

Tangu hapo sitoki shambani kwa mtu kabla sijaandika idadi ya mikorosho yake. Nawe usiningoje mimi. Hesabu yako mwenyewe, uiandike.

Swali kwa mwenye jibu

Mara nyingi mkutano huharibika kwa sababu tunamwuliza Mbunge jambo la Diwani, na Diwani jambo la chama. Jifunzeni kutofautisha.

Tozo, kodi na sheria ni mambo ya Bunge. Hayo mwulizeni Mbunge.

Ushuru wa mazao hukusanywa na Halmashauri, na matumizi yake hujadiliwa na madiwani. Kiwango chake kinatokana na sheria ya Bunge. Mwaka 2017 kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Basi ukitaka kujua fedha ya ushuru imejenga nini, mwulize Diwani. Ukitaka kiwango kibadilike, mwambie Mbunge.

Makato ya chama, mizani, magunia na malipo yaliyochelewa, hayo yaulizwe katika mkutano mkuu wa chama cha msingi. Stakabadhi ghalani ni sheria ya mwaka 2005, na katika korosho ilianza Mtwara msimu wa 2007/08. Chini ya utaratibu huo stakabadhi yako ni shahidi wako. Usiitoe bila kubaki na nakala, wala usikubali karatasi yenye uzito usioushuhudia kwa macho yako.

Kabla ya mkutano, fanyeni hivi

1. Kila mtu ahesabu mikorosho yake, inayozaa na michanga, na kuandika idadi katika daftari. Asiyejua kuandika amtumie mtoto wake wa shule.

2. Andika kilo ulizopeleka ghalani msimu uliopita, za daraja la kwanza na za daraja la pili, na bei uliyolipwa.

3. Andika siku salfa ilipofika kijijini, na hali ya maua yako siku hiyo.

4. Chama kijumlishe hesabu za wanachama wote. "Salfa ilichelewa" ni manung'uniko. "Salfa ilifika tarehe fulani, wakati mikorosho elfu kadhaa ya kijiji imekwisha toa maua" ni ushahidi. Mbunge hawezi kuyapeleka manung'uniko katika kamati, bali ushahidi anaweza.

5. Chagueni maswali matatu tu, na watu watatu wa kuyauliza. Mmoja wao awe mwanamke, kwa maana mama zetu ndio wanaookota na kuanika, nao wanajua mambo ambayo wanaume hatuyajui.

6. Majibu yaandikwe na kusomwa tena mbele ya Mbunge kabla hajaondoka, ili kila upande ukubali kwamba hayo ndiyo yaliyosemwa. Mkutano ujao uanze kwa kuyasoma majibu hayo.

Fanyeni haya kwa adabu. Mbunge ni mgeni wenu na ni mtumishi wenu. Mgeni hatukanwi, lakini mtumishi huulizwa kazi.

Kazi ambayo sheria haiwezi kuifanya

Sasa nirudi katika kazi yangu. Bunge likipitisha sheria nzuri kuliko zote, haitapalilia shamba lako. Historia yetu inatufundisha. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani zaidi ya 140,000 za korosho. Miaka kumi na mitatu baadaye zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Bei ndogo ilichangia, na kuhamishwa kwa watu mbali na mashamba yao kulichangia. Lakini ubwiriunga nao ulikuwa umeenea katika mikorosho isiyotunzwa. Msimu wa 2017/18 tulivuka tani 300,000. Mavuno yale yalitokana na dawa, utafiti wa Naliendele, bei, na jasho lenu, vyote pamoja.

Kwa hiyo safisheni chini ya mikorosho kabla ya mavuno, ili korosho zionekane na moto usipite. Pulizieni salfa mapema, maua ya kwanza yanapotokea, asubuhi kabla ya upepo, wala msingoje mpaka unga mweupe uenee. Okoteni zilizoanguka, msitikise mti. Tenganisheni korosho na bibo siku ile ile. Anikeni juani siku mbili au tatu, kisha hifadhini katika magunia ya katani, wala si katika viroba vya plastiki. Korosho chafu yenye unyevu hushushwa daraja, na hakuna Mbunge awezaye kuipandisha.

Ndugu wakulima, haya ndiyo maneno yangu. Jembe mkono mmoja, daftari mkono wa pili. Kesho asubuhi nitaanza kuhesabu mikorosho upande wa bondeni. Atakayekuwa amekwisha hesabu ya kwake kabla sijafika, tutalinganisha hesabu zetu.

Kazi njema.