Tuamue Kabla Mnunuzi Hajabisha Hodi
(Hotuba kwa wanachama, Lizaboni, Songea)



Sisi wanaushirika twaujua uchungu wa kuamuliwa mambo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikaja kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini iko namna nyingine ya kuamuliwa, nayo hutokea uani kwetu kila mavuno. Lori limefika, deni la mbolea linadaiwa, na mwenye nyumba anauza mahindi yote kabla ya jua kutua, tena kwa lumbesa. Ifikapo Februari nyumba ile ile inanunua mahindi kwa debe. Mtu huyo hakuamua. Haraka ndiyo iliyomwamulia.

Napendekeza taratibu nne.

Kwanza, chakula kitengwe kabla bei haijatajwa. Mume na mke waketi pamoja, wahesabu magunia, watenge yatakayowafikisha mavuno yajayo. Tuseme nyumba ina magunia 20: 8 ni ya chakula, na 4 yauzwe sasa kulipa deni. Yamebaki 8, na hayo pekee ndiyo yenye swali.

Pili, njia zote ziandikwe, kwa maana mwenye shida huona njia moja tu. Zipo kuuza leo, kungoja Desemba, kuuza nusu, au kukusanya mzigo pamoja na wenzetu kupitia chama.

Tatu, kila njia ihesabiwe pamoja na gharama zake. Natoa mfano tu, si bei ya soko. Gunia likiwa shilingi 50,000 leo, magunia 8 yataleta 400,000. Likifika 65,000 mwezi Desemba, yataleta 520,000. Ondoa 40,000 za mifuko isiyopitisha hewa. Faida ni 80,000. Dumuzi akila gunia moja, faida inabaki 15,000. Na bei ikiishia 55,000, faida haipo hata kama dumuzi hakuingia.

Nne, tujiulize: je, mambo yakienda kinyume? Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na bei ikaanguka katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Waliokuwa wakingojea bei ipande walipata hasara, ingawa pengine hesabu zao zilikuwa safi. Kwa hiyo mtu asingojeshe ila kile ambacho nyumba yake inaweza kuishi bila hicho. Tena aweke tarehe ya mwisho ya kuuza, bei iwe imepanda au haikupanda.

Ndugu zangu, uamuzi mwema hauleti faida kila mwaka, wala aliyebahatika hakuamua vema kwa sababu tu amebahatika. Ndiyo maana hesabu hiyo iandikwe katika daftari, ili mwakani tujisahihishe kwa maandishi, maana kumbukumbu humpendelea mwenyewe.

Ndugu Makatibu, nanyi nawaomba mbandike bei za masoko katika ubao wa ofisi tangu mwanzo wa mavuno, na mumsaidie mwanachama asiyejua kuandika kupanga hesabu yake. Na jirani asichekwe kwa kuuza mapema, wala asisifiwe kwa kungoja. Aulizwe kwanza kama alihesabu.