Majina ya Nyanya Zetu Yako Wapi?

(Hotuba iliyosomwa siku ya sherehe za miaka kumi ya chama)



Wenzetu wameshazungumza juu ya hisa na mikopo, na habari za mabati ya nyumba ya kwanza mmezisikia. Hayo hatuyarudii. Sisi wanne tulipewa kazi nyingine: kutafuta jinsi kila mwanachama anavyoweza kuandika asili ya jamaa yake, ili kijitabu hiki kiwe na kurasa za koo zetu. Kazi imetuchukua miezi saba na bado haijaisha, lakini tuliyoyaona njiani tunaweza kuyasema.

Tulianza kwa kugawa karatasi. Upande mmoja baba, babu, baba wa babu. Upande wa pili mama, nyanya mzaa baba, nyanya mzaa mama, na kuendelea. Karatasi zikarudi. Upande wa wanaume umejaa, wengine wamefika hata mtu wa tano. Upande wa wanawake, jamani! "Mama Fulani." "Nyanya wa Ribe." Au pengo tu. Watu wazima wenye wajukuu, na jina alilopewa nyanya mzaa mama siku alipozaliwa hatulijui.

Tukaulizana limepotelea wapi. Sehemu ya jibu iko kwenye karatasi za serikali ya kikoloni. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Ndiyo iliyoleta kipande, kile ambacho babu zetu walikitia ndani ya kikopo wakakining'iniza shingoni, kikiwa na jina, kabila, alama za vidole na habari za mwajiri. Kipande kilikuwa cha wanaume, kuanzia miaka kumi na sita. Na kodi ya kibanda je? Mume alilipia kila nyumba ya mke wake, kwa hiyo nyanya zetu walihesabiwa, ndiyo, lakini walihesabiwa kama vibanda. Halafu nasi wenyewe tukaongeza: mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, na ni heshima, hatuikatai. Ila baada ya miaka hamsini mjukuu hajui Mama Fulani aliitwaje na mamake.

Kwa hiyo, akina mama, msikimbilie simu kwanza. Simu haijui jina ambalo hakuna aliyeliandika. Nenda kwa mwenye umri mkubwa kuliko wote katika jamaa, nenda na sukari na daftari, ukae. Usimwulize "ulizaliwa mwaka gani?" maana atakwambia hajui na mazungumzo yataishia hapo. Muulize mambo. Mama yako alikuwa amezaliwa wakati Wagiriama wanapigana na Mzungu? Hiyo ni 1914, mwaka mmoja baada ya Mekatilili wa Menza kuanza kuwaapisha watu. Wewe ulikuwa umeolewa wakati wa mafuriko makubwa kabla ya Uhuru? Hiyo ni 1961. Ukipata matukio mawili matatu, miaka inajipanga yenyewe. Na muulize nani alimpa jina, kwa sababu jina la mtu hubeba jina la mwingine.

Hapa kwetu Pwani jambo hili linasaidia na pia linachanganya. Kwa Wamijikenda, mtoto mara nyingi huchukua jina la babu au nyanya yake. Basi utakuta Charo wa Karisa, mwanawe ni Karisa wa Charo, na mjukuu ni Charo wa Karisa tena. Ukiona jina hilo kwenye karatasi, usishangilie kabla ya kuangalia mwaka, maana huenda umemshika babu ukidhani ni mjukuu. Vilevile makarani wa zamani waliandika kwa kusikia tu. Jina la Kadzo litafutwe pia kwa Kazo na Katso, na Mwanaisha litafutwe kama neno moja na kama maneno mawili.

Baada ya wazee ndipo tulipoingia maktaba. Tuseme kweli, wengi wetu tulikuwa hatujaingia tangu kumaliza shule, tukifikiri ni mahali pa wanafunzi wa mitihani. Kumbe mtu yeyote anaruhusiwa kukaa na kusoma. Huko tulikiomba kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka wa 1934. Wale wa Kisauni wanakijua. Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyekamatwa utumwani akaachiwa huru, akaandika kwa Kiswahili habari za watu wake mpaka walipofika Frere Town, kijiji ambacho wamisheni wa Kanisa la Kiingereza walikianzisha mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa. Kila siku tunashuka matatu Kengeleni, na wangapi tunakumbuka kwamba jina hilo ni la kengele ya Frere Town? Mmoja wetu ana asili ya huko. Alikuwa akiambiwa tu kwamba "sisi tulitoka bara." Sasa anajua wapi pa kuuliza: vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya makanisa ya zamani, na karatasi za wamisheni hao ambazo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Kwenye kitabu cha ubatizo mama huandikwa kwa jina lake. Ni mahali pachache sana pa zamani tulipokuta hivyo. Waislamu nao wana vyeti vya ndoa kwa Kadhi, na familia nyingine zimetunza nasaba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ziko sandukuni.

Nyaraka za Taifa ziko Nairobi, Moi Avenue, lile jengo la nguzo karibu na Hilton ya zamani. Kuna ripoti za wakuu wa wilaya za miaka ya ukoloni, zenye habari za vijiji, machifu na kesi. Atakayekwenda aende na kitambulisho, na awe anajua anatafuta wilaya gani na miaka gani. Akisema anatafuta ukoo wake tu, atarudi na nauli imekwisha.

Sasa tuje kwenye simu, na hapa tunaomba wale wanaosinzia waamke, maana jambo hili ni la shamba.

Gazeti Rasmi la Serikali limekuwa likichapishwa tangu 1899. Matoleo mengi, ya zamani na ya sasa, yanasomwa bure kwenye intaneti, katika tovuti ya Kenya Law na katika vitabu vya Google. Ndani yake mna matangazo ya mirathi: jina la marehemu, mahali alipofariki, na jina la yule anayeomba kuwa msimamizi wa mali, pamoja na uhusiano wake na marehemu. Mwenye pingamizi hupewa siku 30. Tulipokuwa tukitafuta majina ya babu, mwenzetu mmoja aliandika jina la marehemu mume wake, hivi hivi tu, kwa kujaribu. Likatokea. Shemeji yake alikuwa ameomba usimamizi, na siku zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Hatutaitaja jamaa hiyo na kesi bado iko mahakamani. Lakini sikilizeni alichotakiwa kupeleka: barua ya chifu yenye majina ya wote waliobaki, ushahidi wa ndoa, majina ya watoto wote. Kwa kuwa alikuwa ameshajaza ile karatasi yetu ya ukoo, alikuwa na majina, tarehe, na wazee wawili walioshuhudia mahari. Pingamizi liliingia siku ya nane.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, haimbagui mtoto wa kike. Na kama marehemu alikuwa na wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa nyumba, kila nyumba kwa idadi ya watoto wake, na mama akahesabiwa pamoja nao. Mtoto asiyetajwa hupunguza fungu la nyumba nzima. Hata siku 30 zikipita, kifungu cha 76 kinairuhusu mahakama kufuta usimamizi uliopatikana kwa kuficha jambo kubwa. Wenzetu Waislamu mirathi yao hufuata sheria ya dini, lakini Kadhi naye atauliza waliobaki ni akina nani. Gazeti limeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwiteni mtoto wa sekondari akae karibu, na bando mnunue ninyi.

Kuna waliotuuliza habari za babu waliokwenda Vita vya Kwanza kubeba mizigo, wale wa Kariakoo. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ina orodha ya bure kwenye intaneti. Tulitafuta majina manne, hatukupata hata moja. Ripoti ya tume hiyo hiyo ya Aprili 2021 inasema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Zile sanamu za askari za barabara ya Jomo Kenyatta hazina jina la mtu. Basi babu hao nao tuwaandike sisi.

Mkiingia tovuti za koo, kama FamilySearch ambayo haitozi pesa, wekeni habari za marehemu peke yake. Nambari za vitambulisho na picha za hati za mashamba msimtumie mtu yeyote anayejiita ndugu kutoka ng'ambo.

La mwisho ni ombi. Katibu anacho kitabu cha kwanza cha chama, kile cha jalada jekundu. Humo kila mama ameandikwa jina lake mwenyewe, na asiyejua kuandika ameweka kidole gumba. Karatasi zimeanza kulika pembeni. Tunaomba kamati inunue sanduku la bati, na ukurasa kwa ukurasa upigwe picha kabla ya mvua za masika. Karatasi za ukoo ambazo hazijajazwa ziko mezani pale mlangoni, na sisi tuko papa hapa mpaka saa kumi na moja. Sasa tumpishe Mweka Hazina, maana gawio halijasomwa na tunaona macho yenu yako kwake.