Springi Ngumu na Barabara Iliyoloa

Somo letu la leo linahusu gari, tairi na mvua. Pengine wewe huna gari, nawe wasema moyoni, "Somo hili si langu." Ngoja kidogo. Kabichi zako hupanda gari. Mtoto wako hupanda gari. Basi somo hili ni lako pia.

Fungueni daftari, mwandike maneno matatu: springi, shokapu, kashata. Springi ni chuma kinachobeba uzito wa gari, nacho hujikunja gurudumu linapopita juu ya jiwe au shimo. Shokapu ni bomba lenye mafuta ndani yake; kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Kashata ni jina wanalotumia mafundi kwa vipande vya mpira vilivyochongwa juu ya tairi. Kati ya kashata na kashata kuna mifereji, na mifereji hiyo hupitisha maji.

Sasa weka kiganja chako juu ya meza. Tairi la gari dogo hugusa barabara kwa nafasi inayokaribia ukubwa huo tu. Gari lina magurudumu manne. Kwa hiyo gari zima, pamoja na watu na mizigo, limeshika ardhi kwa viganja vinne. Kandamiza meza kwa nguvu, kisha jaribu kuusukuma mkono mbele. Hauendi upesi. Sasa ulegeze, uguse meza kidogo tu, kisha usukume. Unateleza. Jambo kubwa la somo hili ni hilo: tairi hushika barabara likiwa limekandamizwa vizuri, bila kuachia.

Tuchukue mfano wa barabara ya Mombo kwenda Lushoto, katika Milima ya Usambara, Tanzania. Ni barabara ya lami inayopanda mlima kwa kona nyingi. Pikapu hushuka na kabichi na karoti. Tuseme dereva mmoja anataka kubeba magunia mengi kuliko gari lake lilivyotengenezwa kubeba. Anakwenda kwa fundi. Springi za nyuma za pikapu nyingi ni vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Fundi anaongeza vyuma viwili. Dereva anafurahi, maana sasa gari halikai chini likipakiwa. Lakini shokapu ni zile zile za zamani.

Akishuka na mzigo, springi zimekandamizwa. Je, akirudi? Gari ni tupu. Springi iliyowekwa kwa ajili ya magunia haijui kwamba leo hakuna gunia. Haitaki kujikunja. Gurudumu likifika penye kibonde kidogo, halishuki kukifuata, bali linaruka. Kwa kitambo hicho kiganja kimeinuka mezani. Siku ya jua dereva husikia mtikisiko tu, kwa kuwa barabara kavu husamehe. Barabara iliyoloa haisamehe.

Tena, pikapu nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, yale yale ambayo sasa ni mepesi. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu katika kona, magurudumu huzunguka bila kushika, na mkia wa gari hutoka nje ya kona. Na nje ya kona huenda ni bonde.

Tufanye hesabu kidogo. Tairi lina upana wa sentimita 18. Maji juu ya lami yana kina cha milimita 3. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, yaani karibu mita 22 kwa sekunde. Tairi moja la mbele linapaswa kuondoa maji kiasi gani? Jibu ni karibu lita 12 kila sekunde. Ndoo ya lita 20 ingejaa kabla ya sekunde mbili kwisha! Maji hayo yasipopata mfereji wa kupitia, huingia chini ya tairi na kuliinua. Hapo usukani huwa mwepesi mkononi, na gari halimsikii dereva.

Kwa hiyo tazama mifereji. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha karibu milimita 8. Njiti ya kiberiti ina unene wa karibu milimita 2. Ilaze ndani ya mfereji. Ikitokeza juu ya mpira, tairi hilo limekwisha. Pima mahali patatu: ukingo wa nje, katikati na ukingo wa ndani. Gari lililokatwa springi ili likae chini mara nyingi magurudumu yake huinama, na tairi hulika upande wa ndani, ambako mpita njia haoni.

Ninyi mnaojua kusoma sasa, someni na gari lenyewe. Kwenye magari mengi, penye fremu ya mlango wa dereva pana kibandiko kinachoonyesha kiasi cha upepo. Pikapu nyingine zina namba mbili: moja ya gari tupu, moja ya gari lenye mzigo. Upepo wa mzigo ukiachwa katika gari tupu, tairi husimama kwa tumbo lake tu. Ubavuni mwa tairi tafuta namba nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mkuukuu hukauka, nao haushiki vizuri penye maji.

Dereva afanye nini? Kwanza, abebe mzigo ambao gari liliumbiwa, aviondoe vyuma vya nyongeza. Pili, abadilishe shokapu zilizochoka. Tatu, mvua ikinyesha apunguze mwendo, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi, maana mafuta na vumbi la barabarani huchanganyika na maji. Mwendo ukizidi mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne. Nne, gari likiteleza asikanyage breki ghafla. Aachie mafuta polepole, aelekeze usukani anakotaka kwenda.

Nawe abiria, usione haya kulitazama tairi kabla ya kupanda. Nauli ni yako na roho ni yako.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini gari tupu lenye springi ngumu huteleza kwenye mvua?
2. Shokapu hufanya kazi gani?
3. Tairi lenye namba 4021 lilitengenezwa lini?
4. Utamwambia nini dereva mwenye tairi kipara, bila kumvunjia heshima?