Hisabati Ipi kwa Shahada ya Mwalimu wa Shule ya Msingi?



Niliombwa nizungumzie masharti ya shahada kwa wanaojiandaa kufundisha hisabati katika shule za msingi. Kwa kawaida mjadala huu huishia kwenye ngazi: cheti, stashahada au shahada? Uganda wameshaamua. Sera yao ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, kuanzia wa elimu ya awali, awe na shahada. Kenya wameachana na cheti cha P1 na kuhamia stashahada. Sisi Tanzania, tuliozoea Daraja A la miaka miwili baada ya kidato cha nne, tunasukumwa upande huohuo. Sina ugomvi na ngazi. Hofu yangu ni kwamba tutaunda shahada ya miaka mitatu ambayo ndani yake mwanachuo hakutani tena na sehemu wala desimali, eti kwa sababu hayo aliyamaliza darasa la sita.

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja humu ukumbini amewahi kukiandika ubaoni: MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe mtoto wa darasa la tano 10 − 3 + 2. Akiifuata kanuni neno kwa neno, atajumlisha kwanza 3 na 2 apate 5, kisha atoe kwenye 10, abaki na 5. Jibu ni 9. Mwalimu atamwambia kwamba kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, hivyo aanzie kushoto. Sawa. Lakini mtoto mwenye akili atarudi na swali: mbona kwenye kugawanya na kuzidisha kanuni hainikoseshi? Katika 8 × 6 ÷ 3, akianza na kugawanya anapata 8 × 2, yaani 16. Akianzia kushoto anapata 48 ÷ 3, ambayo nayo ni 16.

Kwa nini GA kutangulia ZI hakuna madhara, ilhali JU kutangulia TO kunaharibu hesabu? Kwa sababu alama ya kutoa inaihusu namba moja tu, ile inayoifuata. Ukijumlisha 3 na 2 kwanza, umeiingiza 2 kwenye kundi la vinavyotolewa, na haikuwa humo. Alama ya kugawanya nayo inaihusu namba inayoifuata peke yake. Ukigawanya kwanza, hujakiongezea kigawanyo mzigo wowote. Geuza uone: katika 12 ÷ 3 × 2, ukitanguliza kuzidisha utapata 2 badala ya 8. Kwa hiyo aliyepanga kanuni hii alipatia nusu na kukosea nusu. Tungefundisha MAGAZITOJU, mpangilio huo usingemkosesha mtoto yeyote. (BODMAS ya shule za mchepuo wa Kiingereza ina ugonjwa uleule, kwa hiyo tusidhani ni tatizo letu peke yetu.)

Maelezo haya hayamo kwenye kitabu cha darasa la tano. Hayamo pia kwenye kozi ya kalkulasi, na hapo ndipo masharti ya shahada nyingi yanapopotea njia. Tunadhani mwalimu akipanda juu sana kihisabati, ya chini atayaelewa yenyewe. Mmarekani Edward Begle, aliyeongoza School Mathematics Study Group, kundi lililoandaa mtaala wa “hisabati mpya”, tangu 1958, na ambaye kwa hiyo hakuwa adui wa hisabati ya juu, alikusanya utafiti wa miaka mingi katika kitabu chake cha 1979. Alikuta kwamba idadi ya kozi za juu alizosoma mwalimu karibu haikuwa na uhusiano na matokeo ya wanafunzi wake.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Liping Ma, katika kitabu chake cha 1999. Aliwauliza walimu 23 wa msingi wa Marekani na 72 wa China wakokotoe 1¾ ÷ ½, kisha watunge fumbo la hesabu linaloendana nayo. Kati ya Wamarekani 21 waliojaribu kukokotoa, 9 tu walifika kwenye jibu kamili na sahihi. Wachina wote 72 walipata. Kwenye fumbo pengo lilikuwa kubwa zaidi: Wachina 65 walitunga mafumbo sahihi, wakati upande wa pili wengi walitunga hadithi ya kugawana kwa watu wawili, ambayo ni kugawanya kwa 2, si kwa nusu. Fumbo lenyewe wala si la ajabu: una lita 1¾ za mafuta ya alizeti na chupa za nusu lita, zitajaa chupa ngapi? Tatu na nusu. Na hapohapo inaonekana kwa nini tunageuza na kuzidisha: kila lita moja inajaza chupa mbili, basi lita 1¾ zinajaza chupa 1¾ × 2.

Sasa sikilizeni upande wa vyeti. Wamarekani wale walikuwa na shahada. Wachina wengi walikuwa wamesoma miaka tisa ya shule, kisha miaka miwili au mitatu ya chuo cha ualimu. Kwa hesabu za utumishi, wale wa China ni wadogo. Hapa atatokea mtu aseme basi turudi kwenye Daraja A, au hata kwa walimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote) walioingia kazini baada ya Azimio la Musoma la 1974 wakiwa na darasa la saba. Hapana. Walimu wa China walifundisha hisabati tu, vipindi vitatu au vinne kwa siku, na muda uliobaki walikaa pamoja wakichambua vitabu vya kiada na madaftari ya watoto. Chuo chao cha pili kilikuwa ofisi ya walimu. Kwa ratiba zetu mwalimu hapati muda huo, kwa hiyo kazi ile lazima ifanyike kabla hajaajiriwa, ndani ya shahada.

Kiasi gani? Mwaka 2012 jumuiya za wanahisabati wa Marekani, kupitia Conference Board of the Mathematical Sciences, zilipendekeza mwalimu mtarajiwa wa msingi asome hisabati kwa angalau saa 12 za muhula (saa moja ya muhula ni saa moja ya darasani kila wiki kwa muhula mzima). Mwaka 2001 walikuwa wameomba 9. Shahada yao huwa na saa kama 120, kwa hiyo ni moja ya kumi. Ni mapendekezo tu, na kila jimbo na chuo huamua lake. Kinachonivutia ni mgawanyo: saa 6 kati ya 12 ni za namba na matendo yake. Nusu nzima kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya! Vitivo vyetu vingeona aibu kuandika hivyo kwenye mtaala. Mimi ningeiga mgawanyo huo bila kusita: muhula mmoja wa namba nzima, mmoja wa sehemu, desimali, asilimia na uwiano, mmoja wa jiometri na vipimo, na wa nne wa takwimu pamoja na mwanzo wa aljebra. Kalkulasi iwe ya hiari.

Nani afundishe? Idara ya hisabati itaiona kozi hii ni ya kitoto na kumwachia mkufunzi msaidizi. Kitivo cha elimu kitasema si yake, kisha kitaifundisha kama kozi ya zana na vielelezo. Nashauri wahadhiri wawili, mmoja kutoka kila upande, wakae darasa moja na watunge mtihani mmoja. Swali la mtihani huo liwe la namna hii: mtoto amefanya 52 − 18 kwa kuandika 50 kutoa 10 ni 40, 2 kutoa 8 imepungua 6, jibu 34. Je, njia yake ni sahihi kwa namba zozote? Utamwambia nini jirani yake aliyeandika 46?

Limebaki suala la udahili, na ningependa vikundi vya mchana vilijadili kwa ukweli. Zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne hufeli hisabati. Tukidai kila mwombaji wa ualimu wa msingi awe na ufaulu mzuri wa somo hilo, hatutajaza madarasa. Tukilegeza kwa wote, tutampeleka mtu akafundishe kile kilichomshinda. Pendekezo langu ni kuitenga hisabati: kuanzia darasa la tatu ifundishwe na walimu waliodahiliwa kwa ajili yake na kupita mihula ile minne, na wenzao wabaki na masomo mengine. Shule yenye walimu wanne tu itafanyaje, hilo sina jibu lake leo, na maafisa elimu wa kata waliopo hapa wanalijua kuliko mimi.